Jina Ambalo Yustina Hakulitamka

Sisi wengine tunaweza kumtaja bila tabu. Mzee anaitwa Ndalahwa, ana ng'ombe wengi kuliko maneno, na mji wake uko Litapunga, pembeni ya barabara ya vumbi iendayo Mpanda. Lakini Yustina ni mkamwana wake, ameolewa na mwanawe Abednego, na kwa Wasukuma wa mji ule mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe. Halitamki akiwa na hasira, halitamki akiwa kisimani na wenzake, halitamki hata akiwa peke yake chooni. Yustina ni Mkonongo wa Kakese, na kwao mambo hayo hayabani kiasi hicho, ila alipoingia kwenye mji wa watu alijifunza na akakaza.

Alikaza kwelikweli. Mtoto wake wa kwanza alirithi jina la babu yake, kwa hiyo Yustina akawa anamwita "Baba". Siku mtoto alipokimbilia barabarani na lori la tumbaku linakuja, mama alipiga kelele, "Baba! Baba!" na kila mwanaume aliyekuwa karibu akageuka, isipokuwa mtoto mwenyewe. Jina lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, na hakulitoa. Alitupa ndoo, akakimbia, akamdaka mkono. Watu walicheka sana siku hiyo. Mama mkwe, Nyanzala, hakucheka. Alisema mkamwana wa namna hiyo hapatikani kila mahali.

Kazi ya Yustina ni kusoma vitabu. Anavisoma kwa sauti, sauti inaingia kwenye simu, na kutoka kwenye simu inakwenda kwa kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza vitabu vya kusikiliza. Siku hizi mtu ananunua riwaya kwa kubonyeza tu, anaiweka sikioni na kuendelea kupalilia. Yustina alianza kwa kusoma masomo kanisani. Mtu mmoja akamrekodi akisoma, akaisambaza, na kampuni ikamtafuta. Studio yake ni ghala la mahindi. Anajibana katikati ya magunia, maana magunia yanameza mwangwi, anajifunika blanketi kichwani na kuanza kusoma huku jasho linamtiririka. Kengele ya ng'ombe ikilia, anarudia sentensi. Mvua ikigonga bati, anafunga kazi.

Msikilizaji wake mkubwa kuliko wote alikuwa mzee mwenyewe. Hajui kusoma, na hajawahi kuona aibu kwa hilo. Ana kiredio kidogo cha kuchomeka kadi, anakining'iniza shingoni na kwenda nacho machungani, na wifi yake Yustina, Scola, ndiye anayemwekea vitabu vipya kila anapokwenda Mpanda mjini. Wachungaji wenzake walijua kabisa: ukikaa karibu na mzee huyu utasikilizishwa mkamwana wake mpaka masikio yachoke. Hakuwahi kumsifu Yustina mbele yake, hiyo nayo ni mila, lakini habari zilimfikia, na alizipenda.

Kisha kikaja kile kitabu. Kilikuwa riwaya ya jambazi mmoja mwenye mali, mnyang'anyi wa ng'ombe za watu, na mwandishi, ambaye hata Litapunga haijui, alimpa mhusika huyo jina la Ndalahwa. Yustina alilikuta ukurasa wa kwanza. Alikaa juu ya gunia na simu mkononi, akaona kazi yote inamponyoka. Angeweza kukataa. Angeweza kuwaeleza watu wa Dar. Lakini utaanzaje kumweleza mtu kama yule Method anayempokelea kazi, kijana aliyezaliwa mjini, ambaye humwita baba mkwe wake "mshua" na wanataniana kwenye simu? Aliona atachekwa. Akafanya alichoona ni busara: kila mahali palipokuwa na jina, alisoma "mzee yule". Kitabu kizima, mzee yule, mzee yule. Akakituma, akalala usingizi mzuri.

Siku moja, kitabu kimekwisha kutoka, ng'ombe walirudi mchana.

Yustina alikuwa anaanika mpunga uani. Alisikia kengele, akainua kichwa. Ng'ombe hawarudi jua likiwa kichwani ila kuna wizi au msiba. Mzee alitangulia mbele, kiredio hakikuwa shingoni, kilikuwa mkononi. Alimpita mkewe, akampita Scola, akakiweka chini mbele ya mlango wa ghala la mahindi, akaingia ndani kwake.

Scola ndiye aliyeokota na kubonyeza. Ikatoka sauti ya Yustina, safi, tamu, isiyo na kikohozi: "Ndalahwa, mbwa wewe. Ndalahwa, mwizi wa ng'ombe za yatima, ufe usipate wa kukuzika."

Ungo wa Nyanzala ulidondoka. Wanawake wote uani walimgeukia Yustina, na Yustina naye akageuka nyuma, kana kwamba aliyesema amesimama mgongoni kwake.

"Sio mimi," alisema.

"Sio wewe?" Scola alikirudisha nyuma, akabonyeza tena. Jina likatoka tena. "Wifi, hii sauti ya nani basi? Ya kwangu?"

"Nilisoma 'mzee yule'. Naapa mbele za Mungu, Scola, nilisoma 'mzee yule'!"

"Mbona hapa sisikii mzee yule?"

Na kweli hapakuwa na mzee yule. Hilo ndilo lililomtisha. Aliijua sauti yake, namna anavyovuta pumzi kabla ya kutukana kwa niaba ya mhusika, hata ile mikwaruzo midogo ya asubuhi. Kwa dakika nzima alijishuku mwenyewe. Alijiuliza kama aliwahi kusinzia mle ndani ya joto, mdomo ukaendelea bila yeye.

Kule machungani, wachungaji wenzake walikuwa wamekaa na mzee wakisikiliza. Mmoja alicheka na kusema, "Kumbe mkweo anakutukana mpaka Dar." Mwingine aliomba kadi, akakata kipande kile kwenye simu yake, na jioni kilikuwa kimefika minadani, kimefika Mpanda, kimefika Kakese kwa wazazi wa Yustina. Baba yake mzazi alipiga simu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umetufanyia nini?"

Abednego alirudi amekwisha kukisikia kwa watu. Hakufoka, na angefoka ingekuwa afadhali. Alimkalisha mkewe pembeni ya kitanda.

"Niambie tu ukweli," alisema. "Kitabu kilikuwa kirefu, ukachoka, ukapitiwa. Mtu anapitiwa. Nitakusemea kwa wazee."

"Sikupitiwa."

"Basi limetokaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Baba Mdogo!" Alizoea kumwita mumewe hivyo kwa utani, kwa kuwa baba mkubwa wa mji ni mzee, na safari hii utani wenyewe ulitoka na kilio. Abednego alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu asiyeamini. Yustina hakuwahi kumchukia mumewe kama alivyomchukia wakati ule.

Yotham, mdogo wake mzee, mtu wa sauti kubwa na kesi nyingi, alituma taarifa kuwa kikao ni kesho yake. Kila mtu alijua kitakachosemwa. Mkamwana aliyemtukana baba mkwe kwa jina hufunga nguo zake na kurudishwa kwao, na wazazi wake humleta siku wakijisikia kuja na kondoo wa kuomba radhi na aibu yao, kama watapokelewa. Watoto wanabaki. Ng'ombe za mahari zilitoka zizi hili, na watoto ni wa zizi hili. Yustina alimwangalia mwanawe, Baba, akimfundisha dada yake mdogo kuhesabu ndama.

Asubuhi alipanda kichuguu. Pale kwa mzee mtandao haukamati kwingine ila juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya zizi. Method alipokea kwa furaha zote za duniani.

"Dada Yustina! Kitabu kinafanya vizuri balaa. Watu wanakisikiliza hatari."

"Method, mmefanya nini kwenye sauti yangu?"

"Ah, umeona ilivyokaa? Uliruka jina la mhusika mwanzo mwisho, mwandishi akalalamika. Tukasema tusikusumbue kurudia. Mfumo wa kompyuta unayo sauti yako toka kitabu cha kwanza, dada. Tumeandika jina, ukalisema. Hata mimi siwezi kutofautisha."

"Sijalisema mimi!"

"Namaanisha mfumo."

"Kwa nini hamkuniuliza?"

"Dada, si ni jina tu?"

Yustina alishika tama juu ya kichuguu, akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, na alipofika kwa watoto akaanza kulia. Method si mtu mbaya, tumtendee haki. Ni mtu ambaye hajawahi kukutana na neno asiloruhusiwa kulisema.

"Bosi hataki tuongelee huo mfumo nje," alisema mwishowe.

"Watanichukulia wanangu, Method."

"Nipigie wakati wa kikao. Nitapokea."

Kikao kilikaa kwanza uani, kama vikao vyote. Yotham alifungua, akaeleza kosa, akalirudia, akalirudia tena kwa wale waliochelewa. Yustina alikaa chini kwenye mkeka, mbali na wanaume, uso chini. Alipopewa nafasi alisema kuna mtu Dar anataka kusema nao, na kwamba simu haishiki hapo. Palitokea ubishi. Kikao kinahama kufuata mtandao? Lakini mzee Ndalahwa, ambaye hajasema lolote tangu jana, alinyanyuka, akabeba kigoda chake, akaelekea kwenye kichuguu. Wengine wakabeba vyao wakamfuata, Yustina naye na mkeka wake.

Method alipokea. Alianza na lugha ya ofisini, anaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, na Yustina akatamani ardhi ipasuke. Kisha akaeleza kuhusu mfumo. Yotham alisikiliza huku anatikisa kichwa.

"Kijana, sisi huku tuna mashine za kusaga. Haijatokea mashine ikatoa unga wa mahindi ambayo hukuyaweka. Huyu mama hakuliweka hilo jina, nyie mmelitoa wapi?"

"Mzee, tunaandika tu, inasoma yenyewe kwa sauti yake."

"Na wewe nitajuaje kama si mjomba wake wa Kakese?"

Watu waliguna. Guno lile Yustina alilielewa: limekwisha. Abednego alikuwa anaangalia viatu vyake. Kwa mara ya kwanza Yustina alianza kuhesabu ni nguo gani atachukua, na kama wangemruhusu amnyonyeshe mdogo kwa mara ya mwisho.

Nyanzala ndiye aliyesimama. Mwanamke hasimami hovyo kwenye kikao kile, na Yotham alifungua mdomo kumkalisha, lakini mama hakumtazama.

"Kama ina sauti ya mkamwana wangu, iseme sasa hivi tukiwa hapa," alisema. "Iseme jambo la leo, ambalo hakuweza kulisoma jana wala juzi. Iseme: leo Yotham amekalia kigoda kibovu."

Kwa kweli kilikuwa kibovu. Alikuwa amekiegemeza kwenye jiwe.

"Na iseme mwenye mji huu ni nani," Yotham aliongeza kwa hasira. "Kwa jina lake. Hapo ndipo penye kesi."

Nyanzala alichota maji kwa kata kwenye mtungi uliokuwa zizini, akamwendea Yustina. "Fungua mdomo, ng'wanawane." Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mtoto wao. Alimmiminia maji mpaka mashavu yakavimba. "Fumba. Ukimeza tutaona koo. Ukisema yatamwagika. Wote mtazameni huyu, msitazame simu."

"Naandika," alisema Method. "Subirini kidogo." Na simu ikakatika.

Abednego aliruka juu kabisa ya kichuguu, akanyoosha mkono na simu hewani. Alama za mtandao zilikuja zikaenda. Yustina alikaa katikati ya macho yote hayo na maji yanapata joto mdomoni. Pua iliziba kwa kilio, pumzi ikawa inapita kwa shida, na koo lilikuwa linaomba kumeza bila ruhusa yake. Aliwaza kwamba akikohoa tu, amepoteza watoto. Inzi alimtua mdomoni. Hakumfukuza, maana aliogopa hata kunyanyua mkono.

"Amepaliwa huyo," alisema Yotham.

"Hajapaliwa," alisema Nyanzala. "Nyamaza."

Simu ililia mlio wa ujumbe. Abednego alishuka kichuguu nusu kwa kuteleza, akaibonyeza mbele ya wazee.

"Leo Yotham amekalia kigoda kibovu," ilisema sauti ya Yustina, na ndani yake kulikuwa na kicheko kile anachokitumia akiwasomea watoto. "Na mwenye mji huu ni mzee Ndalahwa."

Yustina alikuwa amefumba mdomo, mashavu yamejaa, macho mekundu. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye alijisogeza pembeni. Yotham alinyanyuka kutoka kwenye kigoda na kukitazama kana kwamba ndicho kilichosema.

"Tema, mwanangu," alisema Nyanzala.

Maji yalimwagika kwenye kanga, na kilio kikatoka nayo. Abednego alipiga magoti mbele yake hadharani, jambo ambalo halikuwa la mila yoyote, akasema, "Nisamehe." Yotham, ambaye akishindwa hushindwa kwa sauti kubwa vilevile, alitangaza kwamba mkamwana hana kosa, kosa ni la Dar, na kama Dar wana kondoo wamlete. Watu walicheka. Ilikuwa raha, tusiseme uongo. Kila mtu aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu jana.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri.

"Hebu iseme tena," Yotham aliomba, anamwegemea Abednego begani. "Iseme hakuna anayejua kesi Litapunga kama Yotham."

Method, ambaye alikuwa amekwisha kupiga tena, alikuwa na furaha ya kuokoka, akaandika. Sauti ya Yustina ikasema hakuna anayejua kesi Litapunga kama Yotham. Kicheko kilivuma mpaka ng'ombe wakageuza masikio. Scola akataka iseme yeye ndiye wifi mzuri kuliko wote, ikasema. Mtu akataka iimbe, ikashindwa, wakacheka zaidi. Abednego naye, kichwa kimelewa kwa nafuu aliyoipata, alidaka simu na kusema, "Method, iseme inanipenda."

"Abednego, nakupenda," ilisema sauti, laini, kama mtu aliye karibu na sikio.

Yustina alikuwa bado kwenye mkeka, kidevu kimelowa. Neno hilo hajawahi kulisema mbele ya watu. Alilisema gizani, mara chache, kwa hiari yake, na sasa wakwe zake wote wamelisikia wakipiga makofi. Alitaka kusema "acheni". Alifungua mdomo, kisha akaufunga, kwa sababu alihisi akisema sasa hivi hawatajua yupi kasema, yeye au simu.

Mzee Ndalahwa hakuwa amecheka hata mara moja. Alibeba kigoda chake, akaenda kufungulia ng'ombe waliocheleweshwa. Kicheko kilikufa chenyewe nyuma yake, watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Method alipiga baadaye, Yustina alipopanda kichuguu peke yake. Kipande kile kimeondolewa, alisema, kuanzia leo kitabu kinasema "mzee yule". Na kuna habari njema: kitabu kinachofuata si lazima ajisumbue kuingia ghalani na joto lote lile. Wataweka maandishi tu, mfumo utamalizia, na jina lake litabaki pale pale kama msomaji.

"Nitoleeni sauti yangu humo," alisema Yustina.

"Dada, ulibonyeza 'nakubali' siku ya kwanza. Haitoki hivyo."

"Basi inabaki huko inasema itakacho?"

"Inasema tutakachoandika."

Alikata simu. Alikaa juu ya kichuguu mpaka alipoitwa kwenda kukamua.

Kesho yake alfajiri alikwenda kumwamkia mzee, kama mkamwana anavyopaswa. Alisimama mbali kidogo na mlango wa zizi, akapiga magoti, akainamisha uso chini. Hakuwa na kesi tena. Watoto wake walikuwa wamelala ndani, na Nyanzala alikuwa amekwisha kumwita mwanangu mara mbili asubuhi hiyo. Alisema, "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Yustina alingoja, kisha, kwa kosa ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe, akainua macho. Mzee alikuwa amesimama na fimbo yake, anamtazama mdomo.

"Sema tena," mzee alisema.

"Shikamoo, baba."

Aliutazama mdomo mpaka ulipomaliza kucheza, ndipo akaitikia marahaba.